Picha Ikuzwe Mara Moja: Hotuba kwa Mafundi wa Televisheni na Kompyuta, Dodoma

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu mliotangulia katika ufundi huu, mafundi wenzangu wa Dodoma mjini na ninyi mliosafiri kutoka Kondoa, Mpwapwa, Manyoni na Singida, vijana wetu wa vyuo, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. Nawashukuru kwa kunipa nafasi ya kusimama mbele yenu.

Nimeombwa nizungumze kuhusu programu za kutazamia televisheni kwenye kompyuta. Somo hilo ni pana, nami nimelipunguza makusudi hadi mambo mawili ambayo kila mmoja wetu hukutana nayo kazini karibu kila wiki: namna picha inavyokuzwa au kupunguzwa ili ienee kwenye kioo, na namna video inavyosimbuliwa, yaani ni kifaa gani hasa ndani ya mashine kinachofanya kazi ya kugeuza mkondo wa namba kuwa picha inayotembea. Nasema mapema ninachokiamini, ili mnisikilize mkijua ninakoelekea. Malalamiko mengi ya picha hafifu, picha inayogandaganda na mashine inayochemka hutokana na picha kukuzwa mara mbili au tatu njiani, au na kazi ya kusimbua kubebeshwa prosesa ilhali kifaa kilichoundwa kwa kazi hiyo kimekaa bure. Mashine yenyewe mara nyingi huwa nzima. Mteja anapoambiwa anunue nyingine kabla mambo hayo mawili hayajaangaliwa, anadhulumiwa, hata kama aliyemwambia hakukusudia.

Si siku nyingi zilizopita alinijia mama mmoja mwenye kibanda umiza pale Chang'ombe. Alikuwa amebeba kompyuta mpakato yake ndani ya kikapu, ameifunga khanga ili vumbi lisiingie. Alikuwa amenunua runinga ya inchi 55, ile ambayo boksi lake limeandikwa 4K, kwa fedha alizokopa kwenye kikoba, akitegemea kwamba wateja wangeongezeka. Hawakuongezeka. "Fundi," akaniambia, "watu wananilipa, wanakaa mbele ya kioo kikubwa namna ile, halafu wanaulizana namba ya mchezaji mgongoni. Na mpira ukipigwa kwa nguvu unaacha mkia nyuma yake." Muuzaji mmoja wa kompyuta alikuwa amekwisha kumwambia kwamba mashine imechoka na kumtajia bei ya nyingine.

Nilikwenda kibandani saa kumi jioni, kabla watu hawajajaa. Mpakato ulikuwa umeunganishwa na runinga kwa kebo ya HDMI, na kidude cha USB cha kupokea mawimbi kilikuwa kimechomekwa ubavuni, waya wake ukipanda hadi kwenye antena iliyofungwa juu ya mlingoti. Jambo la kwanza nililolitazama halikuwa programu. Nilitazama namna vioo viwili vilivyokuwa vimepangwa, nikakuta vimewekwa katika hali ya kunakili, yaani kinachoonekana kwenye mpakato ndicho kinachoonekana kwenye runinga. Kioo cha mpakato ule kina pikseli, yaani vinukta vinavyounda picha, 1366 kwa 768. Basi fuateni safari ya picha. Kituo kinarusha picha ya pikseli 1920 kwa 1080, ambazo ni pikseli 2,073,600. Programu inaipunguza ili ienee kwenye kioo kidogo chenye pikseli 1,049,088, na hapo karibu nusu ya kila kilichorushwa imekwisha kutupwa. Kisha picha hiyo iliyopunguzwa inapelekwa kwenye runinga yenye pikseli 3840 kwa 2160, nayo runinga inalazimika kuitanua ili ijaze eneo lenye pikseli zaidi ya milioni 8. Kilichotupwa mwanzoni hakirudi kwa kutanuliwa. Namba ya mgongoni ilikuwa imepotea ndani ya kompyuta kabla hata haijaingia kwenye kebo, na runinga mpya ya mama yule ilikuwa ikikuza ukungu.

Tiba yake ilichukua muda mfupi kuliko ninavyousimulia. Mtu anabonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi P, anachagua kioo cha pili pekee, kisha anaingia kwenye mipangilio ya kioo na kuiweka runinga kwenye 1920 kwa 1080. Kuna fundi atauliza kwa nini sikuiweka kwenye 3840 kwa 2160 wakati runinga inaweza. Swali hilo ni la haki. Mpakato wa umri ule, kwa tundu lake la HDMI la zamani, hauwezi kupeleka picha kubwa kiasi hicho kwa kasi inayofaa mpira; ungeipeleka kwa fremu, yaani picha kamili, 30 kwa sekunde au pungufu. Lakini hata ingewezekana, 1920 ukiizidisha mara mbili unapata 3840 kamili, na 1080 mara mbili ni 2160 kamili. Runinga inaikuza picha mara moja tu, kwa uwiano ulio sawasawa, ikitumia chipu yake iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Picha ikuzwe mara moja, mahali pamoja, na anayeifahamu kazi hiyo. Ningependa kila fundi aliyeko humu aihesabu safari hiyo kwa kalamu na karatasi kila anapokutana na lalamiko la picha hafifu: imerushwa kwa ukubwa gani, programu imeipa ukubwa gani, mfumo wa kompyuta umeifanya nini, na kioo kimeimalizia vipi.

Baada ya hapo namba za migongoni zikaonekana, ila kibao cha magoli kilikuwa kimekatwa ukingoni, na maandishi ya habari yanayopita chini yalionekana nusu tu, vichwa vya herufi bila miguu. Hiyo nayo ni aina ya ukuzaji, na ndiyo iliyojificha kuliko zote. Runinga za zamani za chupa zilikuwa zikificha kingo za picha nyuma ya fremu, kwa sababu kingo hizo hazikuwa safi, na runinga nyingi za leo zimerithi tabia hiyo ingawa haina tena sababu: zinaikuza picha kidogo na kukata pande zote nne. Mbali na kukata maandishi, ukuzaji huo mdogo unaharibu kila pikseli, kwa kuwa hakuna hata moja inayobaki mahali pake. Dawa iko kwenye rimoti ya runinga yenyewe, katika mipangilio ya ukubwa wa picha, ambako kila kampuni imepatia jina lake: wengine huandika Just Scan, wengine Screen Fit, wengine Full, wengine 1:1. Msiende kuitafuta dawa hiyo kwenye kompyuta. Nimekuta mafundi wameipunguza picha kwenye draiva, yaani programu inayoiendesha kadi ya picha, ili maandishi yaonekane, na hivyo wakaongeza ukuzaji wa tatu juu ya miwili iliyokuwepo.

Sasa nije kwenye usimbuaji, ambao ndio ulioeleza kelele za feni zilizokuwa zikisikika hadi nje ya kibanda; ule mkia wa mpira nitaufikia baadaye.

Picha ya pikseli 1920 kwa 1080, ikitumwa mara 25 kwa sekunde bila kubanwa, inahitaji takribani biti milioni 622 kila sekunde. Chaneli inayotufikia kwa antena au kwa intaneti inaweza kuja na biti milioni 5 hadi 8 tu. Imebanwa karibu mara mia. Inawezekanaje? Msikilizeni mtangazaji wa mpira redioni. Yeye hatuelezi uwanja mzima, majukwaa, nyasi na milingoti ya magoli kila sekunde. Ameshatueleza mwanzoni, na baada ya hapo anasema tu nani amesogea kwenda wapi na mpira uko kwa nani, nasi vichwani mwetu tunaujenga uwanja wote. Video iliyobanwa inafanya vivyo hivyo. Inatuma fremu moja kamili mara mojamoja, na katikati inatuma maelezo ya mabadiliko: kipande hiki cha picha kimesogea kulia kidogo, kile kimebaki kilivyo, na hiki kimegeuka rangi. Katika kodeki, yaani kanuni ya kubana na kusimbua video, iitwayo H.264, iliyokamilika mwaka 2003 na ambayo bado ndiyo tunayokutana nayo zaidi, picha inagawanywa katika vipande vya pikseli 16 kwa 16. Kusimbua ni kuusikiliza usimulizi huo na kuujenga uwanja upya, fremu kwa fremu, bila kuchelewa hata moja.

Kazi hiyo inaweza kufanywa na sehemu mbili tofauti za mashine. Inaweza kufanywa na prosesa, ambayo ni kama kibarua hodari anayejua kila kazi lakini lazima asome maelekezo yote hatua kwa hatua. Au inaweza kufanywa na sehemu maalumu iliyochongwa ndani ya chipu ya picha, isiyojua kitu kingine chochote duniani isipokuwa kusimbua video, na kwa sababu hiyo hufanya kazi hiyo kwa umeme kidogo na joto kidogo. Sisi tumezoea neno kisimbuzi kwa maana ya lile boksi la king'amuzi lililo chini ya runinga. Napenda muelewe kwamba ndani ya karibu kila kompyuta mnayoitengeneza leo kimo kisimbuzi cha namna yake. Swali ni kama programu ya kutazamia televisheni inakitumia.

Katika mpakato wa mama yule hakikuwa kikitumika. Prosesa ilikuwa imefika mwisho wa uwezo wake, na kwa vumbi letu la Dodoma, ambalo wakati wa upepo wa kiangazi huingia hata kwenye saa ya mkononi, tundu la feni lilikuwa limezibwa kama kwa blanketi. Mashine ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi ili isiungue. Ikijipunguzia kasi, prosesa inashindwa kuzimaliza fremu kwa wakati, programu inazidondosha, na mtazamaji anaona picha inagandaganda. Fundi anayesafisha feni peke yake atampa mteja nafuu ya wiki chache. Sisemi msisafishe, nasema joto lile lilikuwa na mzazi.

Nilipofungua mipangilio ya programu nikakuta usimbuaji kwa maunzi, yaani kwa ile sehemu maalumu ya chipu ya picha, umezimwa. Programu ile ilikuwa VLC, na VLC tangu toleo la 3.0 la mwaka 2018 huja ikiwa imewashwa jambo hilo yenyewe, kwa hiyo nilijua kuna mkono wa mtu. Mama akakumbuka: zamani picha ilikuwa inageuka kijani, kijana mmoja akaja akabonyeza mahali, kijani kikaisha. Yule kijana alikuwa ameondoa dalili na kuacha ugonjwa. Draiva ya kadi ya picha ilikuwa ya zamani sana na yenye kasoro. Nilipoweka mpya na kuwasha tena usimbuaji, kijani hakikurudi, feni ilinyamaza, na matumizi ya prosesa yalishuka hadi sehemu ndogo tu ya yalivyokuwa.

Niruhusuni nikae kidogo kwenye hiyo rangi ya kijani, maana inatisha wateja na hata mafundi, na ina mengi ya kutufundisha. Video haihifadhiwi kwa nyekundu, kijani na buluu kama kioo kinavyoionyesha. Inahifadhiwa kwa namba tatu za aina nyingine: moja ya mwanga, na mbili za tofauti za rangi, ambazo hali yake ya katikati, isiyo na rangi, huwa karibu na 128. Kisimbuzi kinaposhindwa kujaza fremu, sehemu ile ya kumbukumbu hubaki na sufuri tupu, na sufuri tatu katika mpangilio huo, zikigeuzwa kuwa rangi za kioo, hutoa kijani. Kwa hiyo kijani kinatuambia kwamba fremu imefika kwenye kioo ikiwa tupu. Kioo hakina kasoro. Kebo haina kasoro. Tatizo liko kati ya kisimbuzi na programu.

Kuna kijani kingine chembamba, mstari mmoja chini kabisa ya picha, ambacho wengi wenu mmekiona. Nimekwambieni kwamba picha hugawanywa katika vipande vya pikseli 16. Gawanyeni 1080 kwa 16: mnapata vipande 67 na nusu. Nusu ya kipande haikubaliki, hivyo picha husimbwa ikiwa na mistari 1088, na ndani ya mkondo huwekwa maelezo kwamba mistari 8 ya mwisho ikatwe isionyeshwe. Programu inayotumia kisimbuzi cha maunzi ikisahau kuikata mistari hiyo, itaipeleka kwenye kioo pamoja na picha, na mbaya zaidi itaibana mistari 1088 yote ndani ya nafasi ya 1080, na hivyo kuharibu kila mstari kwa ajili ya minane isiyotakiwa. Hapa mnaona jinsi mambo yangu mawili yanavyoshikana mikono: kosa la kusimbua limezaa kosa la ukuzaji.

Lazima niseme pia kwamba visimbuzi hivi vya ndani havielewi lugha zote. Mashine nyingi za mitumba zinazouzwa hapa mjini zina prosesa za Intel za kizazi cha nne, cha tano na cha sita. Zote hizo husimbua H.264 kwa maunzi bila shida, na MPEG-2 pia. Lakini kodeki ya HEVC, iliyoidhinishwa mwaka 2013, ilipata kisimbuzi kamili katika kizazi cha sita, tena kwa picha za biti 8 tu. Za biti 10, pamoja na kodeki ya VP9, zilisubiri kizazi cha saba. Kodeki ya AV1 ilisubiri hadi kizazi cha kumi na moja, mwaka 2020. Kwa hiyo mteja mwenye mashine ya kizazi cha nne anapolalamika kwamba YouTube inakwama na filamu za kwenye flashi hazikwami, hakuna uchawi: YouTube hupendelea kumpelekea VP9 au AV1, na mashine yake inazibeba kwa prosesa. Akipunguza ukubwa wa picha hadi 720, au akitumia nyongeza ya kivinjari inayolazimisha H.264, atapumua. Na mpya si lazima iwe bora kwa kila kodeki. Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya bodi moja, ina kisimbuzi cha H.264, lakini Raspberry Pi 5 haina. Imebaki na cha HEVC peke yake, ikitegemea kwamba prosesa yake yenye nguvu zaidi itaimudu H.264. Anayejenga kidude cha kutazamia televisheni na asijue hilo atashangaa.

Basi msibahatishe, maana mashine iko tayari kusema. Kwenye Windows fungueni Task Manager, nendeni kwenye ukurasa wa utendaji, chagueni GPU, yaani chipu ya picha, na mtaona kigrafu kilichoandikwa Video Decode. Video ikichezwa na kigrafu kile kimelala sufuri, kisimbuzi hakifanyi kazi. Kwenye Linux amri ya vainfo itawaorodheshea kodeki ambazo chipu inazielewa. Ndani ya VLC, Ctrl na J kwa pamoja hufungua maelezo ya kodeki pamoja na hesabu ya fremu zilizopotea. Ndani ya programu ya mpv ni herufi i, na ndani ya programu ya Kodi ni herufi o. Juu ya video ya YouTube, bonyezeni kitufe cha kulia cha mausi na mchague mstari wa mwisho; mtaiona kodeki na idadi ya fremu zilizodondoshwa. Mteja akiwa amekaa pembeni yenu, mwonyesheni. Atawaamini zaidi kwa namba aliyoiona mwenyewe kuliko kwa maneno ya fundi.

Nisieleweke kwamba maunzi ni bora siku zote. Wenzetu wa Kondoa na Mpwapwa, wenye vilima vinavyokinga mawimbi, wanajua mkondo unavyofika ukiwa na matundu. Tulipotoka kwenye analojia, Dar es Salaam ikianza mwishoni mwa Desemba 2012 na Dodoma ikifuata mapema mwaka 2013, tuliacha chenga tukapokea picha inayokatika vipandevipande. Usimbuaji kwa prosesa huvumilia matundu hayo vizuri zaidi, kwa sababu programu inaweza kukisia kilichopotea na kuendelea, ilhali visimbuzi vingine vya maunzi hukwama kabisa hadi fremu kamili nyingine ifike. Palipo na mawimbi hafifu na prosesa yenye nafasi, mimi mwenyewe huzima maunzi. Ila huzima nikijua sababu, na humwandikia mteja kwenye karatasi.

Kuhusu ule mkia wa mpira nitasema kwa ufupi. Chaneli nyingi hurusha mistari kwa kupishana, kwanza ya witiri kisha ya shufwa, mara 50 kwa sekunde. Programu ya mama yule ilikuwa imewekwa ichanganye seti mbili hizo kuwa fremu moja, na kitu kinachokwenda kasi kikaonekana mahali pawili kwa wakati mmoja. Nilibadilisha ili kila seti iwe fremu yake, kazi ambayo chipu ya picha inaimudu, kisha nikaiweka runinga kwenye Hezi 50, yaani picha 50 kwa sekunde, badala ya 60. Kwa 60, mashine hulazimika kurudia fremu 10 kila sekunde ili ijaze nafasi, na jicho huona kamera ikipita uwanjani kwa kushtukashtuka. Kwa 50, kila fremu ina zamu yake.

Sasa nataka kuzungumza na vijana wanaoandika programu, na nitaanza na mzee mmoja anayeishi Kikuyu, hapa Dodoma, mwalimu mstaafu, ambaye macho yake yamedhoofika. Mpakato wake una kioo cha 1920 kwa 1080, na mjukuu wake alimkuzia maandishi hadi asilimia 150 ili aweze kusoma. Tangu siku hiyo taarifa ya habari ya saa mbili usiku ikawa na ukungu. Mjukuu akarudisha asilimia 100. Habari ikang'aa, lakini mzee akashindwa kuisoma orodha ya chaneli. Mzee akaniambia, kwa upole unaoumiza, "Mwanangu, nimechagua kusoma. Picha nitaisikiliza." Mtu mzima aliyefundisha watoto wa nchi hii miaka yote ile hakupaswa kupewa chaguo hilo.

Kilichokuwa kikitokea ni hiki. Mfumo unapoambiwa ukuze kwa asilimia 150, huziambia programu za zamani kwamba kioo kina pikseli 1280 kwa 720 tu, kisha huchukua kila kilichochorwa na kukitanua kama picha mpaka 1920 kwa 1080. Programu, kwa kuamini ilichoambiwa, ilikuwa ikiipunguza picha ya habari hadi 1280 kwa 720, yaani ikitupa zaidi ya nusu ya pikseli, halafu mfumo unaitanua tena. Ni kosa lilelile la Chang'ombe, ila safari hii ndani ya kioo kimoja. Kwa mzee nilibonyeza kitufe cha kulia juu ya programu, nikaingia kwenye sifa zake, sehemu ya upatanifu, nikauambia mfumo uiachie programu yenyewe suala la ukuzaji. Kisha nikakuza herufi za orodha kutoka ndani ya mipangilio ya programu. Akapata vyote viwili.

Vijana wangu, maandishi na video ni vitu viwili vyenye haki tofauti. Maandishi, vitufe na orodha ya vipindi lazima vikue kwa kadiri ya macho ya mtazamaji na umbali wa kiti chake. Video lazima iende moja kwa moja kutoka kwenye kisimbuzi hadi kwenye pikseli halisi za kioo. Mkivichora vyote kwenye turubai moja, kimoja kitaumia. Runinga za Android zinatuonyesha njia: mara nyingi menyu huchorwa kwa 1920 kwa 1080 kisha ikakuzwa, ilhali video ina tabaka lake chini ya menyu, na hutoka kwenye kisimbuzi ikiwa na 3840 kwa 2160 kamili. Kwenye Linux inayotumia Wayland, mfumo wa kupanga madirisha kwenye kioo, mnaweza kukabidhi fremu iliyosimbuliwa kwa mfumo wa kioo bila kuinakili, mkaeleza tu ijaze eneo gani. Kunakili si jambo dogo. Fremu moja ya 1920 kwa 1080 ina baiti zaidi ya milioni 3. Ukiitoa kwenye chipu ya picha na kuirudisha mara 50 kwa sekunde, umesafirisha zaidi ya megabaiti 150 kila sekunde kila upande, na faida ya maunzi umeila njiani.

Na tafadhali jueni ni pikseli zipi mnazozihesabu. Kuna pikseli za mfumo, ambazo hubadilika kwa asilimia ya ukuzaji, na kuna pikseli za kioo, ambazo hazibadiliki. Anayempa kisimbuzi vipimo vya mfumo kwenye kioo kilichokuzwa kwa asilimia 200 atapata video iliyojibana kwenye robo ya dirisha, pembeni, na sehemu nyingine ikiwa nyeusi. Kabla hamjampa mtu programu yenu, ijaribuni kwa asilimia 100, 125, 150 na 200, halafu lisogezeni dirisha kutoka kioo kimoja kwenda kingine chenye asilimia tofauti huku video ikiendelea kucheza. Hapo ndipo programu nyingi huanguka, na kwa mtumiaji wa kawaida ndilo jambo analolifanya siku ya kwanza tu anaponunua runinga.

Mheshimiwa Mwenyekiti, kwa idhini yako, nimekuja na mpakato wa kizazi cha nne, runinga ya inchi 32, antena na kidude cha USB, na pale mezani pana karatasi zenye safu nne: ukubwa uliorushwa, ukubwa wa programu, ukubwa wa mfumo, ukubwa wa kioo. Nimeviharibu vifaa hivi makusudi kwa namna tano kati ya nilizozieleza. Naomba mafundi wa Singida na Manyoni waanze na runinga, wa Kondoa na Mpwapwa waichukue programu, na vijana wa vyuo wakae kwenye kigrafu cha usimbuaji na kutusomea namba kwa sauti kadiri kila kosa linavyoondolewa.